Mama, Mwanao Anapoanza Kuendesha

Leo katika kipindi chetu cha afya tunazungumza na akina mama na walezi wa Lamu kuhusu ajali za barabarani. Huenda ukauliza: barabara na afya, wapi na wapi? Mtoto aliyevunjika paja hulazwa wodini sawa na mwenye malaria, na hukaa humo siku nyingi zaidi.

Wengi wetu visiwani tumekua na punda na mikokoteni. Mwenye punda hupaza sauti, "Simile!", nawe ukajibanza ukutani. Punda naye ana macho. Akimwona mtoto mbele yake husita. Pikipiki haina macho ila ya yule aliyeipanda. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Amu, Pate au Faza, akivuka kwenda Mokowe na kushika usukani, ana jambo kubwa la kujifunza ambalo kichochoro hakikumfundisha, nalo ni kasi.

Hebu tuhesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akiona mtoto amekatiza, sekunde moja hupita kabla mguu haujabonyeza breki. Hadi gari lisimame kwenye lami kavu, limekwenda karibu mita 28, yaani hatua 40 hivi za mtu mzima. Kwa kilomita 80, zinahitajika karibu mita 60. Kasi haijafika mara mbili, lakini mwendo wa kusimama umezidi mara mbili. Kukiwa na mvua au mchanga juu ya lami, ongeza. Mwambie mwanao maneno haya kabla hajaingia barabara ya Hindi na Witu, maana lami nzuri humshawishi dereva mgeni.

Muulize pia kibali cha mwanafunzi kiko wapi. Wa gari awe ametimiza miaka 18, aweke alama ya L mbele na nyuma, na mwenye leseni akae ubavuni mwake. Kujifunzia kwenye pikipiki ya rafiki huku amebeba abiria si mafunzo.

Sasa tuje kwako wewe unayepakiwa. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, na wote wawili wavae helmeti na jaketi linalong'aa. Helmeti iliyofungwa kidevuni hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa karibu 40 kati ya 100. Isiyofungwa huruka kabla yako.

Halafu kuna buibui. Jambo hili halitajwi sana, nasi tunaona litajwe. Pindo la buibui, mtandio au leso ya kubebea mtoto likiingia kwenye cheni au gurudumu la nyuma, hukuvuta ghafla na kukuangusha kisogo. Kusanya pindo, likalie vizuri, na umwambie dereva asiondoke mpaka useme tayari. Kukaa upande kumezoeleka kwa sababu ya stara, lakini hukufanya uteleze kwenye kona. Vaa suruali pana ndani ya buibui, ukae miguu huku na huku, na uiepushe na bomba la moshi, maana linaunguza.

Mtoto mchanga hana helmeti inayomtosha, wala hana mahali salama kwenye pikipiki, si mgongoni kwako wala mbele ya dereva. Ikiwezekana subiri matatu. Ndani ya gari fungeni mishipi, na usimfunge mtoto pamoja nawe katika mshipi mmoja, kwani uzito wako utamkandamiza.

Usiku, punda waliolala barabarani hawana taa. Dereva mpya asiendeshe kwa kasi inayopita mwanga wa taa zake.

Ajali ikitokea, usikubali majeruhi ainuliwe kwa mikono na miguu kama gunia. Bonyeza panapovuja damu kwa kitambaa safi, usimgeuze shingo, usimpe maji. Piga 999 au 112. Aliyeumia upande wa bara akihitaji hospitali kuu iliyo Amu, lazima avuke kwa boti kutoka Mokowe. Mtu mmoja atangulie gatini kuiweka tayari, huku wengine wakimlaza majeruhi juu ya ubao au mlango mpana.