Somo la Redio: Motokaa Kuukuu Inapolia Asubuhi

MWALIMU: Hili ni darasa letu la watu wazima. Msimamizi wenu ameandika ubaoni maneno matano ya leo. Someni pamoja nami, polepole: injini, oili, mkanda, vali, bomba. (Kimya kidogo.) Vema.

Leo tuna wageni wawili. Mmoja ni Fundi, aliyetengeneza motokaa miaka mingi. Wa pili ni Bwana Dereva, ambaye huchukua samaki kutoka ziwani mpaka sokoni kwa Land Rover yake kuukuu. Bwana Dereva ana shida.

DEREVA: Ahsante, Mwalimu. Shikamoo, Fundi.

FUNDI: Marahaba. Motokaa yako ina nini?

DEREVA: Kila asubuhi nikiiwasha inalia tap-tap-tap. Ikipata moto, sauti hupungua. Nimeambiwa kwamba vali zimekwisha, na injini yote lazima ifunguliwe. Fedha sina. Labda niuze ng'ombe wangu.

FUNDI: Ng'ombe akae zizini kwanza. Sauti ya injini ni kama kilio cha mtoto mchanga. Akiwa na njaa hulia, na tumbo likimuuma hulia. Mama mwenye akili hampi dawa kabla ya kujua analilia nini.

MWALIMU: Basi tuanzie wapi, Fundi?

FUNDI: Tuanze na oili. Motokaa ikilala usiku kucha, oili hushuka katika chombo kilicho chini ya injini. Asubuhi unapoiwasha, pampu huipandisha tena, na kazi hiyo huchukua muda mfupi. Kwa sababu hiyo injini kuukuu huweza kugonga sekunde moja au mbili, kisha ikanyamaza. Hilo si jambo la kutisha. Lakini tazama taa ya oili. Ikiwa haizimiki baada ya sekunde chache, zima injini papo hapo.

MWALIMU: Na oili yenyewe hupimwaje?

FUNDI: Simamisha motokaa mahali palipo sawa, injini ikiwa imezimwa. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe mpaka mwisho, kisha ukichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kabla ya kuiwasha.

MWALIMU: Wanafunzi, sasa Fundi atatueleza sauti nne. Sikilizeni, kisha muandike.

FUNDI: Sauti ya kwanza ni mlio mwembamba, kiii! Huo ni mkanda wa feni uliolegea au uliochakaa. Injini ikiwa imezimwa, ubonyeze kwa kidole gumba katikati. Ukibonyea sana, ukazwe.

Ya pili ni ya kusaga, krrr, wakati wa kuwasha tu. Hayo ni meno ya stata. Mwonyeshe fundi mapema kabla hayajakwisha.

Ya tatu ni nzito, gong, gong, nayo hutoka chini ya injini. Mara nyingi hizo ni beringi za krenki. Zima injini mara moja! Krenki hubeba nguvu zote za pistoni. Beringi zikichakaa, chuma hula chuma, na mkono wa pistoni huweza kukatika ukatoboa injini.

DEREVA: Hata nisiiendeshe polepole mpaka gereji?

FUNDI: Hata hatua mia. Ivutwe kwa kamba. Wengi wamepoteza injini nzima kwa kusema, "Si mbali."

Ya nne ni nyepesi, tap-tap, nayo hutoka juu. Huenda ni vali. Krenki ikizunguka mara 600 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 300, yaani nusu yake. Kwa hiyo mgongo wa vali huenda polepole kuliko ule wa krenki. Nafasi ya vali hupimwa kwa kibati chembamba. Katika Land Rover ya namna ya Series II, iliyoanza kuuzwa mwaka 1958, yenye injini ya petroli ya lita 2 na robo, nafasi hiyo ni inchi 0.010, yaani kama robo ya milimita.

DEREVA: Basi yangu ni ya nne.

FUNDI: Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini kabla ya somo nimeiwasha motokaa yako ikiwa baridi. Oili inatosha, na taa ilizimika upesi. Nimepima nafasi za vali, ziko sawa. Ndipo nikachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine nikaipitisha polepole kando ya injini, mbali na feni. Sauti ilikuwa kubwa mahali bomba la moshi linapoungana na injini. Hapo nikaona masizi meusi, na nati mbili zimelegea. Gasketi, yaani kile kipande cha kuziba kati ya vyuma viwili, imeungua. Moshi unatokea hapo, tap-tap.

MWALIMU: Mbona sauti hupungua injini ikipata moto?

FUNDI: Chuma kikipata moto hutanuka, na ule upenyo hupungua.

DEREVA: Alhamdulillahi! Kumbe ni jambo dogo. Nitangoja mpaka msimu wa samaki upite.

FUNDI: La, bwana! Nani hukaa nawe mbele?

DEREVA: Mke wangu na mtoto.

FUNDI: Hawaumwi kichwa njiani?

DEREVA: Huumwa. Mtoto hutapika pia. Tulidhani ni harufu ya samaki.

FUNDI: Mpeleke mtoto kwa daktari umweleze hayo. Katika moshi wa motokaa mna hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, nayo huua. Ukuta ulio kati ya injini na abiria una matundu ya nyaya na ya pedali, na hewa hiyo hupita humo. Asipande mtu mpaka itengenezwe. Injini ikipoa, tia gasketi mpya, kisha kaza nati zote sawasawa. Kwa kazi hiyo huuzi ng'ombe.

DEREVA: Nimesikia, Fundi. Motokaa hailali nyumbani kabla ya kutengenezwa.

MWALIMU: Wanafunzi, mmeona. Ile sauti ingemgharimu Bwana Dereva ng'ombe bure, na kuipuuza kungeweza kumgharimu roho za watu wake. Msifungue injini kabla ya kusikiliza, wala msipuuze kwa kuwa sauti ni ndogo.

Sasa jibuni katika madaftari yenu:

1. Kwa nini injini kuukuu huweza kugonga kidogo asubuhi?
2. Ni sauti gani inayotutaka tuzime injini mara moja?
3. Fundi alijuaje kwamba si vali?
4. Krenki ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila vali itafunguka mara ngapi?

Someni majibu yenu kwa msimamizi. Kwa herini, mpaka somo lijalo.