REDIO YA BABA YASEMA TENA HUKO SACHANGWAN

Ndugu msomaji, kama umepata kusafiri kwa barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, bila shaka waijua Sachangwan: mahali pa miinuko, ukungu na baridi, ambapo malori hupanda kwa kunguruma na watu hulima viazi, mahindi na pareto. Nyumbani kwetu huko ipo redio ya zamani ya mawimbi mafupi. Marehemu baba yangu, aliyekuwa karani katika shamba la pareto, aliinunua Nakuru mwaka wa 1956. Siku zile wazee waliiita simu ya upepo. Jioni majirani walifika, kila mtu na kigoda chake, kusikiliza Nairobi na Dar es Salaam; na tangu tarehe 27 Juni, 1957, matangazo ya Kiswahili ya BBC kutoka London.

Redio ndogo za transista zilipoenea, betri kubwa za redio ile ziliadimika madukani. Ikawekwa juu ya kabati, buibui wakaifanya makao yao. Mara mbili nilitaka kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mara zote mbili mama alikataa.

KWA NINI NILIITENGENEZA

Tarehe 30 Desemba, 2007, ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi, Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Sehemu za Molo zilikuwa katika taabu kubwa: nyumba zilichomwa, watu wakakimbia. Habari zilikuwa chache na uvumi ulikuwa mwingi. Jirani mmoja alikuwa na redio ndogo ya mawimbi mafupi, nasi tulikusanyika kwake usiku kusikiliza yaliyokuwa yamethibitishwa. Usiku mmoja vijana walikuwa wamekwisha kushika marungu kwa ajili ya jambo lililosemwa njiani. Waliposikia kwamba jambo lile halikutajwa popote, wazee wakapata nafasi ya kuwasihi, nao wakarudi nyumbani. Nilipokuwa narejea kwangu niliitazama redio ya baba juu ya kabati, nikaona haya. Amani iliporudi, niliishusha.

KAZI YENYEWE

Redio hii ina valvu nne: DK96, DF96, DAF96 na DL96. Ndani ya kila valvu mna uzi mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme kidogo, kama volti 1.4 tu. Lakini sehemu nyingine za redio huhitaji volti 90. Mtu akikosea akapeleka zile volti 90 kwenye nyuzi, valvu zote nne huungua kwa kufumba na kufumbua, na kupata nyingine si kazi rahisi.

Fundi mmoja mzee wa Nakuru alinionya nisiunganishe betri yoyote kabla ya kuikagua redio. Basi kwanza nilifuta vumbi kwa brashi laini, nikabadilisha nyaya ambazo mpira wake ulikuwa umepasuka. Pili, tuliondoa kapasita za karatasi na kuweka mpya, kwa maana zile za zamani huvujisha umeme. Iliyo hatari zaidi ni ile inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho, DL96. Ikivuja, valvu hiyo hufanya kazi kupita kiasi hata ikaharibika. Tatu, tulisafisha swichi na matundu ya valvu kwa spiriti.

Betri ya volti 90 haipatikani tena dukani. Kwa hiyo tulifunga betri kumi ndogo za volti 9 katika mfululizo, na kwa ajili ya nyuzi tukatumia betri moja kubwa ya tochi. Rangi za nyaya zilikuwa zimefifia, lakini mimi, kwa haraka yangu, niliziunganisha kwa kukisia. Fundi akaniamuru nizitoe valvu zote kwanza, kisha nipime. Kipimo kilionyesha volti 90 mahali palipopasa kuwa na 1.5! Kama nisingemtii, kazi ya miezi miwili ingalipotea kwa sekunde moja. Haraka haraka haina baraka.

KUSIKILIZA

Mawimbi mafupi hupanda juu angani, yakagonga tabaka la hewa lenye umeme, yakarudi chini mbali sana. Ndiyo sababu sauti yaweza kuvuka bahari. Mchana tafuta mita 19 na 25. Usiku tafuta mita 31 na 49. Tulitandika waya wa futi arobaini kutoka paa la jikoni hadi mti wa mkaratusi, na waya mwingine tukauzika ardhini. Mvua ya radi ikikaribia, usikose kuutoa waya wa juu kwenye redio. Zima pia chaja za simu na taa za kisasa zilizo karibu, kwa sababu nyingi hutia mkwaruzo.

Ni kweli kwamba idhaa nyingi zimeacha mawimbi mafupi, na mwaka wa 2011 BBC ilitangaza kwamba itayaondoa matangazo yake ya Kiswahili humo. Hata hivyo anga si tupu. Usiku wa kwanza, katika mita 31, ulisikika mluzi, kisha muziki, kisha sauti ya mtu akisoma habari kwa Kiingereza kutoka London.

Mama, ambaye hajui Kiingereza, alisogeza kigoda chake karibu. Alisikiliza mpaka mwisho wa habari, akasema, “Baba yenu alikuwa akiipunguza sauti kidogo hapo.” Nikaipunguza.

Ndugu msomaji, kama kwenu ipo redio ya namna hii, usiiuze kwa bei ya chuma. Usiiwashe vivi hivi pia. Mtafute fundi mzee angali hai, ukae karibu naye, ujifunze. Maana redio yaweza kungoja juu ya kabati miaka hamsini, lakini fundi hawezi.