Mombasa raha, lakini pima haya kabla ya kuhamia huko na watoto

BARIDI ya Julai inapozidi katika nyanda za juu za Kenya, wazazi wengi wenye watoto wadogo huanza kuwaza kuhusu pwani. Mtoto anakohoa usiku kucha, nepi hazikauki, jiko la makaa limewashwa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, na jamaa aliyeko Mombasa anapiga simu kueleza jinsi watoto wake wanavyocheza nje vifua wazi.

Wazo la kuhama si la upuuzi. Hata hivyo, kumtoa mtoto Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kumpeleka Mombasa si sawa na kumvua sweta tu. Ni kumbadilishia maradhi, maji, walezi na, mara nyingi, mapato ya wazazi wake.

Hebu tuchukue mfano wa mume na mke wanaoishi Limuru. Mke ni mhasibu na mwajiri wake amempa nafasi ya kwenda kufanya kazi katika afisi ya Mombasa. Mume ana gereji yake mwenyewe na wateja aliowapata kwa miaka mingi. Wana mtoto wa miaka mitatu anayekohoa kila msimu wa baridi, na mwingine wa miezi saba. Nyanya yao anaishi hatua chache kutoka hapo, na ndiye anayewalea mchana.

Je, wahame?

Joto lenyewe likoje

Mjini Nairobi, usiku wa Julai vipimo hushuka hadi karibu nyuzi 12 za Selsiasi, na Limuru huwa baridi zaidi. Mombasa mwezi uo huo, usiku huwa na takriban nyuzi 20 au zaidi, na mchana 27 au 28. Mgeni anayezuru pwani Julai au Agosti hurudi nyumbani akiwa ameshawishika kabisa.

Tatizo ni kwamba huo ndio wakati Mombasa ina ubaridi kuliko miezi mingine. Joto hufikia kilele karibu na Machi, upepo wa kaskazi unapolegea kabla ya kusi kuingia. Wakati huo mchana hufika nyuzi 32 na zaidi, hewa imejaa unyevu, na usiku hauleti nafuu kubwa. Watoto hutoka harara shingoni na mgongoni, hukosa usingizi, na wazazi nao hukosa usingizi pamoja nao.

Kwa hivyo, anayetaka kuupima mji huo na aupime Machi. Na aliye na mtoto wa chini ya miezi sita asidanganywe kwamba joto linamlazimu kumpa maji. Maziwa ya mama yanamtosha mtoto huyo hata pwani, mradi anyonyeshwe mara kwa mara. Wetu wa miezi saba amevuka umri huo, naye anahitaji maji safi ya kunywa pamoja na chakula na maziwa.

Kikohozi kitapona?

Wazazi wengi huamini kuwa baridi ndiyo inayoleta nimonia. Ukweli ni kwamba nimonia huletwa na viini. Watoto wanaoathirika zaidi ni wale wasiopata chanjo zote, wasiolishwa vyema, na wanaovuta moshi wa jiko ndani ya nyumba. Chanjo dhidi ya mojawapo ya viini vikuu vya nimonia imekuwa ikitolewa kwa watoto wachanga nchini Kenya tangu 2011.

Ikiwa sababu kuu ya kuhama ni kikohozi cha mtoto, ni busara kuanza na vitu vilivyo karibu. Jiko la makaa litolewe chumba cha kulala, kwani mbali na moshi, hewa yake yenye sumu inaweza kuua watu waliolala. Kijitabu cha kliniki kikaguliwe kama chanjo zote zimetolewa. Halafu daktari amchunguze mtoto kama ana pumu.

Hatua hizo zinagharimu kidogo sana kuliko kuhamisha nyumba. Isitoshe, pumu haiishi kwa sababu tu mtu amefika baharini. Unyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye kuta na magodoro, na ukungu huo pamoja na wadudu wadogo wa vumbi unaweza kuchokoza pumu kama baridi inavyofanya.

Wapo watoto ambao baridi huwadhuru moja kwa moja. Mwenye ugonjwa wa seli mundu, kwa mfano, anaweza kupatwa na maumivu makali baridi inapomzidi. Lakini hata kwake pwani si jibu rahisi, kwa maana malaria ni hatari kubwa kwa mtoto kama huyo. Familia ya aina hiyo haipaswi kuhama kabla ya kukubaliana na daktari kuhusu dawa za kinga na kliniki atakayohudhuria.

Mbu wa usiku na mbu wa mchana

Hili ndilo jambo ambalo watu wa nyanda za juu hulisahau zaidi. Baridi ya Limuru huzuia kukua kwa viini vya malaria ndani ya mbu, na ndiyo maana watoto wa huko hukua bila kinga yoyote ya mwili dhidi ya ugonjwa huo. Pwani ni eneo la malaria ya kudumu. Ugonjwa umepungua sana ukilinganishwa na miaka ya tisini, lakini haujaisha, na mtoto mgeni anaweza kuzidiwa kwa muda mfupi kuliko mtoto wa jirani aliyezaliwa huko.

Kanuni ni chache na hazina mjadala. Kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza. Mtoto akipata homa apimwe siku iyo hiyo, asingoje "tuone kesho". Mama mjamzito aulize kliniki kuhusu dawa za kuzuia malaria ambazo wajawazito wa maeneo kama pwani hupewa.

Jingine ni la safari za kurudi nyumbani. Familia ikipanda Limuru kwa Krismasi na mtoto akashikwa na homa, mzazi amwambie daktari mara moja kwamba wametoka Mombasa. Viini vya malaria hukaa mwilini siku kadhaa kabla ya homa kuanza, na mhudumu wa zahanati ya milimani anaweza kudhani ni mafua ya kawaida.

Aidha, chandarua hakitoshi. Homa ya dengi imezuka Mombasa mara kadhaa, ikiwemo 2013 na 2021, nayo chikungunya ikausumbua mji kuanzia mwisho wa 2017. Maradhi haya huenezwa na mbu wanaouma mchana, ambao huzaana katika maji safi yaliyotuama kwenye ndoo, mapipa na magurudumu makuukuu. Nyumba inayohifadhi maji sharti iyafunike.

Maji na nyumba

Nayo maji Mombasa huhifadhiwa kwa sababu mifereji haitegemeki. Mji hupata maji kutoka mbali: chemchemi za Mzima katika mbuga ya Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na vyanzo vya Baricho, Marere na Tiwi. Hayatoshelezi mahitaji. Mitaa mingi hupata maji kwa zamu, na maji ya visima mara nyingi huwa na chumvi. Familia zisizo na tangi hununua mitungi kwa wachuuzi wa mikokoteni, na gharama hiyo haimo katika kodi ya nyumba.

Kabla ya kulipa amana, usimuulize ajenti wa nyumba peke yake. Bisha hodi kwa jirani, toa salamu kama ipasavyo, kisha uulize: maji huja siku gani? Ni ya chumvi? Mvua ya Mei ikinyesha, uwanja huu hufurika? Kwa kawaida Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa, na mtaa unaopendeza Januari unaweza kuwa kidimbwi wakati huo.

Tazama pia madirisha. Chumba chenye madirisha pande mbili hupitisha upepo na kupunguza haja ya feni usiku kucha. Chumba cha dirisha moja chini ya paa la mabati ni tanuri, na kiyoyozi kitakula mshahara kupitia bili ya stima.

Kumbuka vilevile kwamba katikati ya mji ni kisiwa. Anayefanya kazi kisiwani na kuishi Likoni hutegemea feri kila asubuhi, na anayeishi Nyali au Kisauni hutegemea daraja. Mama anayenyonyesha na anayekaa saa mbili barabarani hatajali kwamba nje kuna joto zuri.

Mapato mawili au moja

Turudi kwa wale wa Limuru. Mshahara wa mke ukiongezwa kidogo Mombasa, familia yaweza kudhani imepata faida. Lakini kuna hesabu ya upande wa pili. Gereji ya mume haihamishiki pamoja na wateja wake. Nyanya aliyewalea watoto bila malipo atabaki nyuma, na yaya atalazimika kulipwa. Kodi, maji na stima vitapanda.

Uchumi wa Mombasa nao hutegemea sana bandari na watalii. Mnamo 2019, serikali ilipoagiza mizigo ya bara isafirishwe kwa reli mpya, wenye malori, maghala na vibanda vya chakula waliumia, hadi agizo hilo likaondolewa 2022. Janga la korona la 2020 nalo lilifunga hoteli. Mume akitarajia kuanza upya huko, ahesabu miezi kadhaa ya mapato haba.

Wengine huamua mke atangulie na watoto, mume abaki. Tangu Juni 2017 treni ya abiria ya reli mpya imefupisha safari ya Nairobi na Mombasa kuwa ya saa tano au sita hivi. Lakini nauli za kila wikendi ni gharama, na mtoto wa miaka mitatu haelewi kwa nini baba huja Ijumaa na kutoweka Jumapili. Mpango huo ukichaguliwa, uwekewe mwisho unaojulikana na wote wawili.

Jaribu kwanza

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, kwa malipo kamili. Wenzi hawa wanaweza kuitumia mwezi wa Machi, wakapanga chumba katika mtaa wa kawaida, si hotelini. Wapike, wafue, wapande matatu saa za msongamano, waandike kila shilingi inayotoka. Wiki tatu za namna hiyo zitawafundisha mengi kuliko simu za jamaa.

Mke naye aulize mwajiri mapema: atagharamia usafirishaji wa vyombo? Marupurupu ya nyumba yamehesabiwa kwa bei za Mombasa? Akishindwa, nafasi yake ya zamani itakuwepo kwa muda gani? Majibu yawe kwa maandishi.

Wakiamua kwenda, Januari ni wakati mzuri kwa mtoto anayekaribia kuanza chekechea, maana mwaka wa shule huanza hapo. Watoto wa umri huo hujifunza Kiswahili cha mtaani upesi kuliko wazazi wao. Ila familia hiyo ijue itakuwa imewasili mjini wiki chache tu kabla ya joto kali, na ijiandae.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Wenzi wa Limuru wanaweza kuhama na wakafanikiwa, kama walivyofanikiwa maelfu waliotangulia. Lakini wakiona kwamba kilichowasukuma ni kikohozi cha mtoto, waanze kwa kulitoa lile jiko chumbani. Huenda wakagundua hawakuhitaji kuiacha gereji, wala kumwacha nyanya peke yake.