Maji Yanayotoka Ndani ya Nyumba: Zuia Unyevu Uliojificha

Kuna asubuhi unakuta blanketi limelowa na matone yananing'inia kwenye bati, na usiku mvua haikunyesha. Wengi husema paa linavuja. Huenda halivuji. Maji hayo yametoka kwako na kwa watoto wako.

Yanatokaje?

Mtu mzima akilala hutoa maji kwa pumzi na jasho, kama robo lita au zaidi kwa usiku mmoja. Mkilala watu sita, hiyo ni zaidi ya lita moja. Ongeza chungu kinachochemka na nguo mbichi zilizoanikwa ndani. Maji hayo hukaa hewani kama mvuke, hatuyaoni. Mvuke ukigusa kitu baridi hugeuka matone, kama kwenye kifuniko cha sufuria. Usiku anga likiwa safi, bati hupoa haraka hata kuwa baridi kuliko hewa.

Mbale iko chini ya Mlima Elgon wenye mita 4,321, na usiku huwa na baridi. Jinja iko kando ya Ziwa Viktoria, hewa yake ina unyevu mwingi. Ndugu zetu waliopanga vyumba vya mabati katika miji hiyo wanalijua tatizo hili, kama sisi tunaolala chini ya turubai.

Hatari ya kuziba kila mahali

Tukikimbia baridi, tunabandika nailoni chini ya bati, kisha maboksi. Chumba kinapata joto. Lakini mvuke hupita kwenye maungio ya nailoni, ukifika kwenye bati unakuwa maji, na nailoni inayazuia yasikauke. Wewe huoni kitu. Huko nyuma kuvu inaota, fito zinaoza na mchwa wanaingia. Vumbi la kuvu likivutwa huleta kikohozi na huamsha pumu.

Katika nchi za baridi kama Uingereza na Ujerumani, mafundi huweka chini ya vigae kitambaa maalumu kinachopumua. Mvuke hupita, lakini tone la mvua halipiti. Sisi hatuna kitambaa hicho, lakini kanuni yake ni yetu pia: zuia mvua isiingie, acha mvuke utoke. Nyumba za nyasi na udongo za wazee wetu zilifanya hivyo.

Fanya hivi

1. Badala ya nailoni, tengeneza dari ya mkeka wa mafunjo au magunia ya katani. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya dari na bati. Iwe mbali na moto.
2. Acha matundu juu ya kuta, pande mbili zinazotazamana, hewa ipite. Yafunike kwa wavu wa kuzuia mbu.
3. Kama unaishi chini ya turubai, usilitoboe. Fungua mlango kila asubuhi na uanike matandiko juani.
4. Pika nje na anika nguo nje.
5. Usiwashe sigiri ndani ili kupata joto la kulala. Gesi ya makaa haina harufu na inaua.

Jaribio rahisi

Bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zake, ukiache siku mbili. Kikilowa upande wa chumba, unyevu unatokana na hewa ya ndani: ongeza matundu. Kikilowa upande wa ukuta, maji yanapita ukutani: chimba mfereji kuzunguka nyumba.

Nenda kliniki lini?

Nyumba kavu husaidia, lakini si dawa. Mtoto mwenye kikohozi apelekwe siku hiyo hiyo akipumua haraka: mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, mara 40 au zaidi akiwa na mwaka 1 hadi 5. Mtoto wa chini ya miezi 2 akiugua, usingoje kuhesabu. Yeyote aliyekohoa wiki mbili apimwe kifua kikuu. Usiseme ni baridi tu.

Leo, kabla ya giza, inua boksi moja la dari yako utazame nyuma yake. Ukiona weusi, anza na namba 1.