Mbabula yenye kudumu: namna ya kuichagua sokoni, na hatari ya kuilaza ndani ya chumba

Kwenye masoko ya Goma, Bukavu na Butembo, mafundi wanapanga mbabula chini, moja kando ya nyingine. Kuna ile ya tole tupu, nyepesi, ya bei ya chini. Kuna na ile nzito, yenye udongo wa kuchomwa ndani, na bei yake inapanda. Mama mwenye franka za kuhesabu anashika ile ya kwanza. "Zote si zinapika?" Ni kweli, zote zinapika. Lakini bei ya mbabula hailipwi siku moja tu. Inaendelea kulipwa kila asubuhi, wakati wa kununua makala.

Hesabu ni rahisi. Mbabula yenye udongo, kama imetengenezwa vizuri, inaweza kupunguza makala kwa thuluthi moja, hata karibu nusu, kuliko ile ya tole tupu. Tuseme jamaa moja inamaliza gunia tatu kwa miezi mitatu. Ikipunguza thuluthi moja tu, itamaliza gunia mbili. Ile gunia ya tatu njo inalipa tofauti ya bei, na miezi inayofuata ni faida. Tena, tole tupu inaungua. Moto na majivu vinaikula mpaka inatoboka chini, na jamaa inarudi sokoni.

Moto unapotea wapi?

Mwenye kukaa karibu na mbabula ya tole anasikia miguu yake inachomeka. Ule moto umeacha sufuria na kutoka pembeni. Udongo wa kuchomwa unauzuia, unaurudisha juu, na makala yanaungua polepole. Mtindo huu ulienea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980: tole inje, udongo ndani. Leo mafundi wa miji mingi ya Afrika ya Mashariki na Kati wanautengeneza, kila mmoja kwa namna yake. Njo maana mbabula mbili zenye kufanana kwa macho zinaweza kutofautiana kabisa kwa kazi.

Mambo ya kuangalia mbele ya kulipa

Rangi haipiki. Mnunuzi anapaswa kuangalia haya:

– Udongo: kuupiga kidogo kwa kidole. Ukilia wazi kama sahani nzuri, umechomwa vizuri. Ukitoa sauti nzito, iliyokufa, pengine una ufa ama haukuiva.

– Nafasi kati ya udongo na tole: kutikisa mbabula. Udongo ukicheza ndani, utavunjika upesi. Inafaa ushikwe sawasawa.

– Sahani yenye matundu, pale makala yanakaa: iwe nene, na matundu yapitishe majivu bila kuangusha makala mazima.

– Mlango wa hewa: ufunguke na ufunge kabisa. Bila mlango, hakuna namna ya kupunguza moto wakati maharagi yameanza kuchemka.

– Mahali pa kuweka sufuria: itulie bila kuyumba, isikae mbali sana na makala. Mama mwenye sufuria kubwa ya bugali aende nayo sokoni, aipime palepale.

– Miguu na mikono: ishikwe kwa nguvu. Mbabula yenye kuyumba ni hatari kwa watoto.

Swali moja linabaki kwa fundi: udongo ukivunjika, anaweza kuubadilisha? Fundi mwenye kukubali anamsaidia mnunuzi kutumia ile tole miaka zaidi.

Kwa wenye kupikia kuni

Vijijini, jamaa nyingi zinapika juu ya mafiga matatu. Pale sehemu kubwa ya moto inaenda na upepo, na moshi unabaki machoni na kifuani mwa mama na watoto. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba moshi wa nyumbani uliua watu karibu milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020.

Mwenye nyumba yake anaweza kujenga jiko la udongo lisilohama: mdomo mdogo wa kuingizia kuni, tundu lenye kulingana na sufuria, na bomba la kutoa moshi inje. Kuta zake nene zinashika joto, na moto ukizimika zinaendelea kutoa joto muda mrefu. Hii ni faida kubwa kwa milima ya Masisi ama Lubero, kwenye baridi ya usiku. Bomba lisipite karibu na majani ya paa, na masizi yake yaondolewe mara kwa mara.

Lakini jiko lolote linashindwa na kuni mbichi. Mti uliokatwa sasa hivi unaweza kuwa nusu maji kwa uzito wake, na moto unatumika kwanza kukausha yale maji. Kuni zipasuliwe, zipangwe mahali penye kivuli cha mvua na penye upepo, zikae miezi kadhaa. Kuni kavu inalia wazi ikigongwa na nyingine.

Mbabula haipaswi kulala na watu

Baridi inaleta desturi moja mbaya: kupika, kisha kuingiza mbabula na makala mekundu ndani ya chumba, kufunga mlango na dirisha, na kulala. Makala hayana moshi mwingi, na watu wanafikiri hayana hatari. Ni kinyume. Yanatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili unakosa hewa bila mtu kujua. Mwenye kulala anaweza kufa bila kuamka.

Mbabula nzuri haiondoi hatari hii. Inapunguza makala tu, gesi inabaki. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea ni alama, zaidi sana kama watu wa chumba kimoja wanazisikia pamoja. Hapo inafaa kutoka wote inje, kufungua milango, na kukimbiza mgonjwa kwenye kituo cha afya.

Kwa kutafuta joto, jamaa iote moto ikiwa macho, mlango na dirisha vikiwa wazi, na mbabula itoke inje mbele ya kulala. Maji ya moto, si ya kuchemka, ndani ya chupa yenye kufungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, yanapasha kitanda bila kumuua mtu.

Kuitunza ili idumu

Kinachoua udongo upesi ni maji. Wengi wanamwaga maji juu ya makala ili yabaki ya kesho, na udongo wa moto unapasuka palepale. Afadhali kufunga mlango wa hewa, ama kutia makala ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko na kuliacha inje. Majivu yatolewe kila siku, mvua isiinyeshee mbabula, na sufuria isitupwe juu yake kwa nguvu. Kuloweka maharagi toka jana yake na kufunika sufuria pia vinapunguza makala, bila kulipa hata franka moja.

Faida haibaki jikoni tu. Kwa kupata kilo moja ya makala, tanuri za kienyeji zinakula kilo 5 mpaka 10 za kuni. Sehemu kubwa ya makala ya Goma inatoka kwenye misitu ya Hifadhi ya Virunga na pembeni yake. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka wa 1925, na tangu 1994 UNESCO imeiweka kati ya urithi wa dunia ulio hatarini. Wakulima wa Kivu ya Kaskazini wanaopanda mikaliptusi na grevilea kwa ajili ya kuni wanapunguza uzito huo, lakini mti unataka miaka. Mbabula yenye udongo mzuri inaanza kupunguza makala siku ile ile imeingia nyumbani, mradi tu isiku ya kulala ibaki inje.