Je, Wajua? Kaboni moja na homa ya Guangzhou

Je, wajua kwamba watu wanne walipougua SARS mjini Guangzhou, China, kati ya Desemba 2003 na Januari 2004, wote walipona na hakuna aliyethibitika kumwambukiza mwingine? Katika mlipuko mkubwa wa 2002–2003 ugonjwa huohuo ulikuwa umeua watu 774 duniani. Mmoja wa wanne hao alikuwa mhudumu wa mkahawa uliouza nyama ya ngawa.

Dokezo la sababu ya unafuu huo lilipatikana mwaka 2005, wanasayansi walipochora umbo la protini ya kirusi cha SARS ikiwa imeshikana na ACE2, kipokezi kilichopo kwenye seli zetu. Walipima atomu zipi zinagusana; kwa kawaida atomu huhesabiwa kugusana zikiwa ndani ya angstromu 4 hivi (angstromu 1 ni sehemu moja ya bilioni 10 za mita!). Katika nafasi ya 487 ya protini hiyo, kirusi cha mlipuko mkubwa kilikuwa na asidi amino threonini, ambayo kaboni yake ya ziada huegemea lisini ya 353 ya ACE2. Kirusi cha wale wanne kilikuwa na serini, isiyo na kaboni hiyo, na mshiko wake ulikuwa dhaifu. Ngawa, maskini, walioshukiwa kuwa chanzo cha kirusi, waliuawa kwa maelfu mkoani Guangdong Januari 2004.