KARANI WA SENSA ANAPOBISHA HODI



Sensa ni kuhesabu watu wote wa nchi. Tangu Tanganyika na Zanzibar ziungane mwaka 1964, tumehesabiwa mara sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Mwaka 1967 tulikuwa watu milioni 12 na zaidi. Mwaka 2022 tulikuwa 61,741,120. Ndani ya hesabu hiyo wamo watu wa Mhunze, wa Maganzo, wa Ukenyenge na wa vijiji vyote vya Kishapu. Au tuseme, wamo wale waliotajwa.

Karani wa sensa huhesabu kwa kaya. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Mume ana wake wawili, kila mke ana nyumba yake na chungu chake. Hizo ni kaya mbili. Mume ataandikwa kwa mke ambaye alilala kwake usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti.

Je, kijana wako aliyekwenda Geita kuchimba dhahabu? Huyo ataandikwa huko alikolala. Ukimwandikisha na wewe, mtu mmoja atakuwa wawili. Lakini mtoto aliyezaliwa jana yake mtaje. Bibi mgonjwa aliye chumbani mtaje. Mtoto mwenye ulemavu usimfiche. Karani ana maswali juu ya ulemavu, na mtoto asiyetajwa hawezi kupangiwa huduma.

Swali linalosumbua wengi ni la umri. Mzee hujibu, "Nilizaliwa mwaka wa njaa." Hilo si jibu baya, ila njaa zilikuwa nyingi. Tafuta jambo ambalo mwaka wake unajulikana. Uhuru ulikuwa 1961. Azimio la Arusha, 1967. Vita vya Kagera, 1978 na 1979. Mvua kubwa za Elinino, 1997 na 1998. Mwalimu Nyerere alifariki 1999. Mama aliyejifungua wakati askari wanarudi kutoka vitani mwaka 1979, mtoto wake alikuwa na miaka 42 au 43 siku ya sensa ya 2022.

Yako maswali mengine: kazi unayofanya, shamba, maji mnakoteka, choo, kuni au mkaa. Utaulizwa kama unajua kusoma na kuandika. Hapo wewe jibu kwa sauti! Mwaka 2022 dini na kabila havikuulizwa.

Mifugo iliulizwa. Hapo wengi wetu hupunguza ng'ombe. Hofu hiyo ina asili yake. Wajerumani waliwatoza babu zetu kodi ya kibanda, na kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003 tu. Aliyehesabiwa alidaiwa. Lakini karani wa sensa hakusanyi kodi. Sheria ya Takwimu inamkataza kutoa siri ya kaya yako kwa mtu mwingine. Akiitoa, amevunja sheria.

Sheria hiyo hiyo inakutaka wewe ujibu, tena ujibu kweli. Kukataa ni kosa. Kwa nini isiwe hiari? Tuseme kijiji kina watoto 90 wanaotakiwa kuanza shule. Darasa moja huchukua watoto 45. Vinahitajika vyumba viwili. Wazazi wakificha watoto 45, mpango utaonyesha chumba kimoja kinatosha. Siku ya kufungua shule watoto wote 90 watafika, pamoja na wa jirani yako aliyesema kweli. Ndiyo maana mimi naona sheria hii ni ya haki.

Sensa ijayo inatarajiwa mwaka 2032. Usingoje. Fungua daftari lako leo. Andika jina la kila mtu wa kaya yako, na mbele yake mwaka aliozaliwa. Usioujua, muulize mama mkwe wako jioni hii.